Hesabu ya Insulini kwa Familia za Nyanda za Juu Kusini

Tangu ndugu na majirani wajue kwamba familia yetu ina wagonjwa wawili wanaochoma insulini, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni moja: insulini ni shilingi ngapi? Huwa silijibu kwa tarakimu moja, kwa sababu bei ya kichupa, ukiitazama peke yake, haikuambii mgonjwa atahitaji fedha kiasi gani kwa mwezi, wala haikuambii kama kuna njia nyingine ya kuipata dawa hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi. Mama yangu, mwenye kisukari cha aina ya pili, anaishi kijijini upande wa Uporoto, na alianza kuchoma insulini baada ya vidonge kushindwa kuidhibiti sukari yake. Binti wa dada yangu, anayesoma sekondari na kuishi nami hapa Uyole, Mbeya, ana kisukari cha aina ya kwanza, na kwake insulini si nyongeza ya tiba bali ndiyo tiba yenyewe, kwa kuwa kongosho lake halitengenezi insulini ya kumwezesha kuishi. Mimi si daktari wala mfamasia. Ni mtu anayetunza risiti na daftari la kliniki, na ninaandika kwa ajili ya mwanafamilia mwenzangu anayesimama mbele ya dirisha la dawa huku akihesabu noti mkononi.

Hesabu huanza kwenye lebo. Insulini nyingi inayouzwa kwetu ina nguvu ya yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Kalamu moja, yaani kifaa cha kuchomea kinachokuja na insulini ndani yake, ina mililita 3, sawa na yuniti 300, na boksi la kalamu tano lina yuniti 1,500. Ukishajua hivyo, gawanya bei kwa idadi ya yuniti, usilinganishe kichupa na boksi kwa kuangalia ukubwa wake. Tuseme famasi inauza kichupa kwa shilingi 20,000 na boksi la kalamu tano kwa shilingi 90,000. Nimechagua tarakimu hizi ili kurahisisha hesabu tu, kwani bei halisi hutofautiana kati ya duka na duka hata katika mtaa mmoja wa Mwanjelwa. Kwa bei hizo, yuniti moja ya kichupa ni shilingi 20 na yuniti moja ya kalamu ni shilingi 60. Mgonjwa anayechoma yuniti 40 kwa siku hutumia yuniti 1,200 kwa mwezi, kwa hiyo atatumia shilingi 24,000 akiwa na vichupa na shilingi 72,000 akiwa na kalamu.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu insulini iliyofunguliwa ina muda wake. Aina nyingi hutakiwa kutumika ndani ya takriban wiki nne baada ya kufunguliwa, na maelezo ndani ya boksi ndiyo yanayotoa muda kamili wa kila aina. Mgonjwa wa yuniti 20 kwa siku atatumia yuniti 560 katika siku 28, na yuniti 440 zilizobaki atalazimika kuzitupa, hivyo kila yuniti iliyoingia mwilini mwake imemgharimu karibu shilingi 36 wala si 20. Mtoto mdogo anayechoma yuniti 10 tu kwa siku atamaliza karibu kalamu nzima ya yuniti 300 ndani ya muda huo, na kwa bei za mfano wetu kalamu moja ni shilingi 18,000, yaani pungufu ya kichupa ambacho sehemu yake kubwa ingemwagwa. Ndiyo maana ushauri wa kwamba kichupa ni nafuu kuliko kalamu ni wa kweli kwa mtu mzima mwenye dozi kubwa, lakini unaweza kuwa wa uongo kwa mtoto. Muulize mfamasia kama anakubali kuuza kalamu moja moja.

Katika lebo hiyohiyo kuna jambo linalohusu uhai kabla ya kuhusu fedha. Zipo nchi, India ikiwa mojawapo, ambako vichupa vya yuniti 40 kwa mililita bado vinauzwa, na kichupa cha namna hiyo chenye mililita 10 kina yuniti 400 tu, hata kama kwa macho kinafanana na kile cha yuniti 1,000. Bomba la sindano la yuniti 100, ambalo kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa, halipaswi kutumika kwa insulini ya yuniti 40, na bomba la yuniti 40, lenye kifuniko chekundu, halipaswi kutumika kwa insulini ya yuniti 100, kwa sababu dozi itakuwa pungufu mno au itazidi mara mbili na nusu. Mtu akikuletea insulini kutoka safari ya mbali na kukuambia ameipata kwa bei rahisi, soma namba hiyo kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa familia yetu limeleta nafuu kubwa kuliko mengine yote, nalo ni aina ya insulini iliyoandikwa kwenye cheti. Kwa maneno mepesi, kuna makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni insulini ya binadamu, ambayo haitolewi kwa binadamu yeyote bali hutengenezwa na bakteria au hamira iliyopandikizwa maelekezo ya kijenetiki ya insulini ya binadamu. Ilianza kuidhinishwa kutumika mwaka 1982. Humo imo insulini ya muda mfupi, ambayo ni angavu, imo ya muda wa kati, ambayo ina ukungu mweupe na hubingirishwa taratibu viganjani kabla ya kuchomwa, na umo mchanganyiko wa asilimia 30 ya ile ya kwanza na asilimia 70 ya hii ya pili, ambao wagonjwa wengi wa kliniki zetu wanaujua kwa boksi lake. Kundi la pili ni insulini zilizobadilishwa muundo, ambazo wataalamu huziita analogi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996. Baadhi hufanya kazi upesi zaidi, na nyingine hukaa mwilini kwa muda mrefu bila kupanda na kushuka sana. Analogi huuzwa ghali zaidi, na mara nyingi huja katika kalamu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 unaohusu mazingira yenye rasilimali chache, lilipendekeza insulini ya binadamu kwa watu wazima wenye aina ya kwanza, na pia kwa wale wa aina ya pili wanaohitaji insulini, huku likibakiza analogi za muda mrefu kwa wale ambao sukari yao hushuka mara kwa mara hadi kiwango cha hatari. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliziingiza analogi za muda mrefu katika Orodha ya Dawa Muhimu, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kuwapo kwenye orodha hiyo huzisaidia serikali kudai bei bora. Hata hivyo, kuwa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa hakuna maana kwamba ni lazima kwa kila mmoja, na hapo ndipo mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Mama aliandikiwa kalamu ya analogi katika kliniki moja ya binafsi mjini. Dawa ilimfaa, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba kila mwezi gunia la viazi liliuzwa kabla ya bei kutengemaa, ili mradi kalamu zipatikane. Tulipompeleka katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya umma, daktari aliyempokea alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zake.

"Shikamoo, mama. Kalamu hii inakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Mwilini hainisumbui, inanisumbua mfukoni."

Daktari alilifunua daftari la kliniki, akauliza mama anakula saa ngapi, anaishi na nani usiku, na kama amewahi kuamka akitetemeka na kutoka jasho, kisha akaeleza kwamba anaweza kumhamishia kwenye mchanganyiko wa 30 kwa 70, asubuhi na jioni, kwa dozi ambayo angeanza nayo chini na kuipandisha kwa kufuata vipimo. Alisisitiza kwamba sindano ya namna hiyo huchomwa takriban nusu saa kabla ya chakula, na kwamba mtu akishachoma hawezi kusema ataondoka kwanza shambani, atakula akirudi. Mama alirudi na ratiba mpya ya milo, na dada yangu mdogo anayeishi naye akafundishwa namna ya kumpa sukari au soda iwapo sukari itashuka mno na ataishiwa nguvu ghafla. Gharama ya dawa ilishuka mno. Ninasimulia haya si ili mtu abadilishe dawa kwa kusoma ukurasa wangu, kwa maana yuniti za aina moja hazihamishwi tu kwenda aina nyingine kama zilivyo, ninasimulia ili ujue kwamba swali "Je, daktari, kuna insulini ya binadamu inayoweza kunifaa badala ya hii?" ni swali halali, na daktari mzuri hatalichukulia kuwa ni dharau.

Kwa binti yetu wa aina ya kwanza sikuharakisha kuuliza hivyo. Kijana anayecheza, anayesoma usiku, ambaye sukari yake hushuka akiwa amelala, anaweza kufaidika na analogi kwa kiasi ambacho mzee mwenye ratiba tulivu hakioni. Palipo na uwezo au mpango wa kumpatia, naona apewe. Unafuu unaomwacha mtoto azimie usiku si unafuu.

Wengi hushangaa kwa nini dawa iliyogunduliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado inatoa watu jasho. Insulini ilipatikana Toronto, nchini Kanada, katika miaka ya 1921 na 1922, na mwanzoni mwa 1923 Frederick Banting, Charles Best na James Collip waliikabidhi hataza yao, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa malipo ya dola 1 kwa kila mmoja. Kilichofuata ni biashara. Hadi leo kampuni tatu, Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa, zinashikilia zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Zaidi ya hapo, insulini haiigwi kwa urahisi kama kidonge cha kisukari cha metformini, ambacho kiwanda chochote chenye sifa kinaweza kukitengeneza kwa kufuata kanuni yake ya kikemia. Insulini hutoka katika vijidudu hai, na anayetaka kutengeneza inayofanana nayo hutakiwa kuwekeza katika mitambo ya gharama kubwa na kuthibitisha kwa vipimo vingi kwamba yake inafanya kazi sawasawa. Wapo waliofaulu, kama kampuni ya Biocon ya India, na kila anayeongezeka sokoni hutupa sisi wanunuzi nafasi ya kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba insulini ya binadamu ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima inaweza kuuzwa kati ya dola 48 na 71, faida ya mtengenezaji ikiwa imo. Nikipiga hesabu ya kile ambacho baadhi ya wazazi ninaowafahamu hulipa, naona kwamba sehemu kubwa ya maumivu haiko ndani ya kichupa, iko njiani.

Njia hiyo inafaa kueleweka. Novo Nordisk, kwa mfano, ilitangaza kwamba serikali za nchi zilizo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambamo Tanzania imo, zinaweza kununua kichupa cha insulini ya binadamu kwa bei isiyozidi dola 3. Bei hiyo ni ya serikali inaponunua, si ya famasi ya mtaani. Dawa inayoingia kwa njia ya binafsi hupitia kwa mwagizaji, kwa msambazaji wa jumla, kwa msafirishaji wa ubaridi kutoka Dar es Salaam, kisha kwa mwenye duka anayelipa umeme wa jokofu, na kila mmoja huongeza chake. Dawa inayopitia Bohari ya Dawa ya serikali, MSD, yenye kanda zake Mbeya na Iringa, huenda moja kwa moja kwenye hospitali na vituo vya umma. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa mtu anayenunua famasi kila mwezi ni kwamba ajiandikishe katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa, hata kama foleni ni ndefu na hata kama amezoea daktari wake. Hospitali za mashirika ya dini nazo zisisahaulike. Watu wa Makete wanaijua Ikonda, na watu wa Iringa wanazijua Tosamaganga na Ilula. Uliza bei zao kabla ya kuamua.

Kero ya njia ya umma ni maneno matatu ambayo kila mgonjwa ameyasikia dirishani: "Dawa imeisha, mama." Siyachukulii kirahisi maneno hayo, kwa sababu mtu aliyetoka kijijini na mabasi mawili akiambiwa hivyo hurudi nyumbani akiwa amepoteza nauli na dawa kwa pamoja. Tulichojifunza ni kupiga simu kabla ya kusafiri, kuomba tarehe ya kliniki iwe baada ya mzigo kupokelewa na si kabla yake, na kufika dirishani wakati kichupa cha akiba bado kipo nyumbani. Akiba ya kichupa kimoja kisichofunguliwa ni gharama ya mara moja tu. Baada ya hapo unanunua kwa utaratibu uleule, ila hununui tena kwa hofu saa mbili usiku katika duka lolote lililo wazi.

Kuhusu malipo yenyewe, sera ya afya nchini imeweka msamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na kwa baadhi ya magonjwa sugu, na mlango wa kuingilia huko ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nenda na kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na daftari la kliniki. Ofisi hiyo wengi huiona kama ya watu wengine, ya maskini kuliko wao, na kwa heshima zetu za kinyumbani tunaona haya kuingia. Mama yangu alikataa kabisa mpaka shemeji yake alipomwambia kwamba mzee kuhudumiwa si kuombaomba. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, umezisaidia familia nyingi za vijijini kumwona daktari, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, iliyokusudiwa kuubadilisha utaratibu mzima. Bima yoyote utakayokata, iwe ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, au nyingine, usiishie kuuliza kama "kisukari kimo". Taja jina la insulini unayotumia, uliza kama imo kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa, uliza kama vipande vya kupimia sukari vimo, na uliza unaweza kuchukulia wapi. Kuna watu wenye kadi mkononi ambao bado hununua kila kitu kwa fedha taslimu kwa sababu aina waliyoandikiwa haimo.

Mwenye mtoto wa aina ya kwanza naomba asome aya hii mara mbili. Upo mpango wa kimataifa unaoitwa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009 na unaofanya kazi Tanzania, ambao huwapatia watoto na vijana insulini na vifaa bila malipo kupitia kliniki maalumu. Chama cha Kisukari Tanzania nacho kimekuwa mstari wa mbele katika huduma hizo kwa miaka mingi. Nimekutana na mzazi aliyeuza shamba la parachichi bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba kitu kama hicho kipo. Nenda kwenye kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, Mbeya au Iringa, uulize kliniki ya watoto wenye kisukari hukutana siku gani, na mtoto wako anaandikishwaje. Usisubiri kuambiwa.

Vifaa vinavyoizunguka insulini huzidi bei ya insulini yenyewe kwa mgonjwa anayepima mara nyingi. Mashine ya kupimia sukari hutolewa kwa bei ndogo, hata bure wakati mwingine, lakini kila mashine hula vipande vyake tu, na hapo ndipo fedha huenda. Kabla ya kununua au kupokea mashine, uliza vipande vyake ni shilingi ngapi, vinapatikana wapi hapa mkoani, na vinaisha muda lini. Sisi tulikubaliana na muuguzi kwamba mama, badala ya kupima mara moja kila siku kwa saa zilezile ambazo hazikuwa zikituambia jambo jipya, apime asubuhi, kabla ya kula mchana, jioni na wakati wa kulala katika siku moja teule ya wiki, na apime wakati wowote akijisikia vibaya. Binti hafuati utaratibu huo. Wa aina ya kwanza anahitaji kupima kila siku, tena zaidi ya mara moja. Sindano za kuchomea zisichangiwe na mtu mwingine kwa hali yoyote, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Utunzaji nao ni fedha, na kwetu Nyanda za Juu una sura yake. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kila mtu huhofia joto. Lakini kwa mtu wa Kitulo, Makete au vilima vya Uporoto, mwezi Juni na Julai hatari iliyo karibu zaidi ni baridi. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Isiwekwe karibu na sehemu ya barafu ya jokofu, wala isiachwe dirishani usiku wa umande mgumu. Ukishuka Kyela au bonde la Usangu mambo hugeuka, na wasio na jokofu hutumia chungu ndani ya chungu, mchanga ulioloweshwa ukiwa katikati. Njia hiyo hupoza kwa maji kugeuka mvuke, kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Usangu wakati wa kiangazi kuliko katika unyevu wa Kyela kando ya ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva kwa kufuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya, ulionesha kwamba insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupungua nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Matokeo hayo yalinipa faraja kubwa kwa ajili ya mama, ambaye hana jokofu na ambaye hapo awali alidhani hana budi kutembea hadi kituo cha afya kila siku kuchomwa. Hayana maana kwamba dawa iwekwe kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam mchana kutwa, ambako joto hupita kiwango hicho kwa mbali, na kwa sababu hiyo siagizi insulini kwa vifurushi vya mabasi hata nikiambiwa Kariakoo ni bei ya chini.

Vijana huniletea habari za Marekani kwamba insulini sasa ni dola 35 kwa mwezi. Ni kweli kwamba tangu Januari 2023 wazee walio katika bima ya serikali ya Medicare wamewekewa kikomo hicho, na kwamba zile kampuni tatu kubwa nilizozitaja hapo juu zilitangaza kupunguza bei za baadhi ya insulini zao huko kwa asilimia 70 au zaidi, baada ya kelele za miaka mingi. Kichupa cha Humalog, analogi ya Eli Lilly, kilichouzwa dola 21 mwaka 1996 kilikuwa kimefika takriban dola 275. Punguzo hilo ni la kule. Halishushi bei ya Mwanjelwa, na anayekuuzia mtandaoni "insulini ya dola 35 kutoka Marekani" muepuke.

Muepuke pia anayekuuzia mizizi na kukuambia uache sindano. Mgonjwa wa aina ya kwanza akikosa insulini, sukari hupanda huku mwili ukianza kuchoma mafuta kwa namna inayotengeneza tindikali ndani ya damu. Hukojoa sana, hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa kina na kwa haraka, na mdomo hutoa harufu ya matunda yaliyoiva. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku chache, wakati mwingine ndani ya saa. Wapo wanaoijua hatari hiyo na bado hupunguza dozi kimyakimya ili kichupa kifike mwisho wa mwezi, hasa akina mama ambao hutanguliza ada ya mtoto. Ukiwa katika hali hiyo, mwambie muuguzi wa kliniki bila kuficha. Yeye ana njia ambazo wewe huzioni: kichupa kilichobaki cha mpango fulani, barua ya ustawi, au dawa ya bei ndogo zaidi anayoweza kuijadili na daktari. Na kulazwa kwa sababu ya tindikali hiyo hugharimu zaidi ya insulini ya miezi kadhaa.

Jambo la mwisho tunalolishughulikia sasa linahusu uagizaji. Hospitali huagiza dawa kwa kuangalia matumizi yaliyorekodiwa, kwa hiyo wagonjwa wote wanaonunua famasi kwa sababu "kule haipatikani" hawaonekani katika hesabu, na oda inayofuata huwa ndogo kwa kuwa wao hawakuhesabiwa. Baada ya mfamasia mmoja kutueleza hivyo, wagonjwa wa kata ya mama walikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, wakaandika orodha ya kila anayechoma insulini, aina yake na yuniti zake kwa siku, wakampa mjumbe anayewawakilisha wananchi katika kamati ya usimamizi ya kituo ili aiwasilishe kabla ya oda ya robo mwaka. Dada yangu ndiye aliyejumlisha: watu walikuwa wengi kuliko kila mmoja wao alivyodhani, na orodha iko mezani kwa mganga mfawidhi.